Bima ya gari la kale: thamani ikubaliwe kabla ya hasara

Mkataba wa kawaida wa bima ya gari umejengwa juu ya dhana kwamba gari hushuka thamani kila mwaka unaopita, tangu siku linapotoka kwa muuzaji hadi linapoishia kuwa vyuma chakavu. Dhana hiyo inayafaa magari karibu yote yaliyoko barabarani. Hailifai gari la miaka ya 1960 ambalo mwenyewe amelitunza, amelirudishia injini yake ya asili, amelipaka rangi ileile lililotoka nayo kiwandani, na ambalo leo linatafutwa na wanunuzi kuliko lilivyotafutwa likiwa na umri wa miaka kumi. Gari kama hilo likikatiwa bima ya kawaida, kisha likaungua au kuibwa, mwenyewe anaweza kulipwa fedha zisizofikia hata gharama ya rangi aliyolipaka, na hapatakuwa na aliyemdhulumu, kwa sababu mkataba utakuwa umetekeleza kile hasa ulichoandikwa utekeleze. Kwa hiyo anayetafuta bima ya gari la kale anapaswa kuanza na swali la thamani, afuatishe swali la matumizi, na ada aiache mwisho. Wengi huanza na ada, na hapo ndipo mambo huharibika.

Ni gari lipi linalohesabiwa kuwa la kale? Hakuna jibu moja. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali inayolingana na asili yake, na likiwa halitumiki kama chombo cha usafiri wa kila siku. Ujerumani hutoa namba za usajili zenye herufi H kwa magari yaliyotimiza miaka 30, utaratibu ulioanza mwaka 1997. Uingereza huyasamehe kodi ya barabara magari yaliyopita miaka 40, na majimbo mengi ya Marekani huanza kuyatambua yakiwa na miaka 25. Kampuni za bima, hata hivyo, hazifungwi na vigezo hivyo. Kila kampuni huweka kigezo chake cha umri, na zaidi ya umri hutazama hali ya gari, uadimu wake na namna linavyotumika. Gari kusajiliwa na serikali kuwa la kihistoria hakuilazimishi kampuni yoyote kulikubali hivyo, na gari lisilo na usajili huo linaweza kukubaliwa bila shida.

Aina za bima zenyewe ni zilezile zinazojulikana kwa magari yote, na hazihitaji maelezo marefu. Ipo bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria za nchi nyingi huilazimisha (Uingereza, kwa mfano, iliilazimisha kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930), na ambayo hulipa madhara waliyopata watu wengine na mali zao. Gari la mwenye bima hailigusi. Ipo inayoongeza moto na wizi juu ya hiyo. Ipo bima kubwa, inayofidia pia uharibifu wa gari lenyewe hata pale dereva wake alipokuwa na makosa. Kwa gari la kale lenye thamani, sioni namna mtu anavyoweza kuridhika na bima ya mtu wa tatu peke yake, isipokuwa kama yuko tayari kabisa kulipoteza gari bila kulipwa chochote. Hata hivyo, kuchagua bima kubwa bado hakumalizi kazi, maana bima kubwa mbili zenye jina moja na ada zinazokaribiana zinaweza kulipa kiasi tofauti mno kwa hasara ileile.

Tofauti hiyo hutokana na njia ya kukadiria thamani. Njia ya kwanza, iliyo ya kawaida kabisa, ni thamani ya soko: gari linapopotea, mkadiriaji wa kampuni hutafuta gari kama hilo lingeuzwa kwa kiasi gani siku moja kabla ya hasara, akitoa sehemu ya uchakavu kwa kadiri ya umri na kilomita lilizotembea. Kwa gari la miaka mitano kazi hii ni rahisi, kwa kuwa magari yanayofanana nalo huuzwa kila siku. Kwa gari ambalo halijauzwa jingine kama hilo kwa muda mrefu, mkadiriaji hana pa kulilinganishia, na jedwali lake la uchakavu huenda lilikwisha kulifikisha karibu na sifuri zamani. Mwenye gari hulazimika kuanza kuthibitisha thamani wakati gari lenyewe ni majivu, picha ni chache na stakabadhi za mafundi zimepotea. Hapo ana nguvu ndogo kuliko wakati mwingine wowote.

Njia ya pili inahitaji tahadhari kubwa kuliko zote, kwa sababu kwa nje inafanana na ile iliyo bora. Mwenye gari hutaja thamani, kampuni huiandika kwenye hati ya bima na kutoza ada kwa kiwango hicho, naye huondoka akiamini kwamba kiasi hicho ndicho atakacholipwa. Ndani ya mkataba, hata hivyo, kuna kifungu kinachosema kwamba kampuni italipa thamani iliyotajwa au thamani ya soko wakati wa hasara, yoyote iliyo ndogo. Thamani iliyotajwa huwa ni kikomo cha juu tu, isiyomhakikishia mtu chochote chini yake. Anayetaja thamani kubwa hulipa ada kubwa kila mwaka kwa fidia ambayo huenda asiipate kamwe. Maneno ya kutafuta ndani ya hati ni hayo ya «kiasi kilicho kidogo» au yenye maana kama hiyo, na yakionekana, thamani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza isichukuliwe kuwa ahadi.

Njia ya tatu ni thamani ya makubaliano. Kampuni na mwenye gari hukubaliana kiasi mapema, kwa ushahidi, na mkataba hutamka wazi kwamba gari likipotea lote kiasi hicho ndicho kitakacholipwa, bila kukata uchakavu, pengine kwa kuondoa tu ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe. Ubishi wote wa bei humalizika siku ya kukata bima, wakati gari lipo, linaonekana na linaweza kukaguliwa na yeyote. Kwa maoni yangu, gari la kale lililotunzwa halina sababu ya kukatiwa bima kwa njia nyingine ikiwa hii inapatikana, hata kama ada yake ni kubwa kidogo. Na mara nyingi ada hiyo si kubwa hata kidogo, kwa sababu magari haya hutembea kilomita chache, hulala ndani, na huendeshwa na watu wanaoyajali.

Wako wanaodhani kwamba suala la thamani linahusu gari kuibwa au kuungua lote tu. Kwa kweli ni katika ajali ndogo ndipo makadirio ya chini huleta madhara yasiyotarajiwa. Gharama za matengenezo zinapofikia sehemu fulani ya thamani iliyoandikwa, kampuni hulitangaza gari kuwa hasara kamili badala ya kulitengeneza. Gari la kale ambalo kwenye vitabu vya kampuni lina thamani ndogo linaweza kutangazwa hivyo kwa sababu ya boneti na taa mbili tu, kwa kuwa boneti ya gari adimu hugharimu fedha nyingi kuliko gari lenyewe kwa hesabu ya kampuni. Gari zima, linalotembea, lenye kasoro ambayo fundi mzuri angeimaliza, huondolewa barabarani kwa hesabu ya karatasi.

Katika baadhi ya mikataba kuna pia kanuni ya wastani, inayomwadhibu aliyekata bima kwa kiasi pungufu. Tuseme thamani ya kweli ya gari ni 100, na mwenyewe, kwa kutaka kupunguza ada, amelikatia bima ya 60. Likipata ajali inayohitaji matengenezo ya 20, atadhani kwamba 20 ni ndogo kuliko 60, hivyo atalipwa yote. Kanuni ya wastani husema kwamba amekata bima ya asilimia 60 ya gari, basi alipwe asilimia 60 ya hasara, yaani 12. Nane zilizobaki ni zake. Mkataba wa thamani ya makubaliano ulioandikwa vizuri huiondoa kanuni hii, lakini ni lazima iondolewe kwa maandishi.

Ushahidi wa thamani nao una taratibu zake. Kampuni nyingi huomba picha za gari pande zote, za ndani, za injini na za sehemu ya chini, pamoja na stakabadhi za vipuri na kazi za mafundi. Kwa gari lenye thamani kubwa huhitaji ripoti ya mkadiriaji huru, au barua kutoka klabu inayolijua gari la aina hiyo. Namba ya injini na ya chesisi zikilingana na kumbukumbu za kiwandani, thamani hupanda. Injini ikiwa imebadilishwa, hushuka, na ni vyema jambo hilo lisemwe tangu mwanzo kuliko ligunduliwe wakati wa madai. Hapa kuna usumbufu mmoja mdogo unaowashangaza wengi: namba za utambulisho zenye tarakimu na herufi 17 zilianza kuwa za kawaida mwaka 1981, na mifumo ya kompyuta ya baadhi ya kampuni haipokei namba fupi za magari yaliyotangulia. Kampuni inayoshindwa hata kuandika namba ya chesisi ya gari lako haijazoea kushughulika na magari ya aina yake.

Bei za minada zitumike kwa uangalifu. Mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135, lakini magari hayo yalitengenezwa mawili tu, na bei yake haielezi lolote kuhusu Mercedes-Benz nyingine ya miaka hiyohiyo. Hata kwa magari ya kawaida zaidi, bei inayotangazwa mnadani mara nyingi hujumuisha kamisheni ya dalali, na hulihusu gari lililo katika hali bora kabisa. Hagerty, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1984 kwa kukatia bima mashua za mbao kabla ya kuingia kwenye magari, hupanga magari katika madaraja manne ya hali, na pengo la bei kati ya daraja la kwanza na la nne kwa gari la aina moja huweza kuwa kubwa mno. Mwenye gari aliweke gari lake katika daraja lake la kweli. Mapenzi humfanya mtu aone daraja la kwanza pale ambapo mgeni anaona la tatu, na mkadiriaji ni mgeni.

Baada ya thamani huja matumizi. Nafuu ya ada inayotolewa kwa magari ya kale haitolewi bure. Hutolewa kwa masharti ambayo yakivunjwa madai yanaweza kukataliwa yote. Masharti ya kawaida ni kwamba gari lisizidi umbali fulani kwa mwaka, lisitumike kwenda kazini kila siku, lilale ndani ya banda lenye kufuli, dereva awe na umri wa kutosha na rekodi safi, na mwenyewe awe na gari jingine la shughuli za kila siku. Kila mtu ajiulize kwa unyofu kama maisha yake yanaendana na masharti hayo. Anayependa kulipeleka gari lake kazini kila Ijumaa asikubali mkataba unaokataza safari za kazini kwa sababu tu ada yake ni ndogo. Atafute unaoruhusu, na alipe zaidi.

Kukodisha gari kwa ajili ya arusi ni mtego wa aina hiyohiyo. Kumbeba binti wa ndugu yako siku ya arusi yake bila malipo ni matumizi binafsi. Kupokea fedha kwa safari hiyohiyo ni biashara, na mikataba mingi ya magari ya kale haifidii matumizi ya kibiashara. Maonyesho na misafara ya klabu kwa kawaida huruhusiwa, lakini mbio za aina yoyote, hata za kupimana muda kwenye uwanja uliofungwa, karibu kila mara hutengwa. Anayekusudia kufanya lolote kati ya haya aombe idhini kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, wala asitegemee neno la wakala kwenye simu.

Kipengele cha matengenezo ndicho ninachokithamini zaidi baada ya thamani. Je, ni nani atakayechagua gereji? Kampuni nyingi huwa na mafundi wao waliozoea magari ya kisasa, na fundi hodari wa magari ya kisasa anaweza kuliharibu gari la kale kwa nia njema kabisa. Land Rover iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 ilitengenezwa kwa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kiligawiwa kwa mgao baada ya vita, na aluminiamu hainyooshwi wala haichomelewi kama chuma. Mkataba unaofaa humruhusu mwenye gari kuchagua fundi, na husema vipuri vya aina gani vitatumika. Upatikanaji wa vipuri hutofautiana sana: Volkswagen Beetle ilitengenezwa kwa idadi inayozidi milioni 21 hadi ilipokoma mwaka 2003, na vipuri vyake si adimu, ilhali Mercedes-Benz 300 SL yenye milango inayofunguka kuelekea juu ilitengenezwa magari 1,400 tu kati ya 1954 na 1957. Kwa gari la pili, mkataba unaolipa vipuri vya kuigiza hauna maana, kwa kuwa kipuri kisicho cha asili hupunguza thamani ya gari zima. Kuhusu kubebwa gari linapoharibika njiani, sharti liwe la kubebwa juu ya lori badala ya kuvutwa kwa kamba au kuinuliwa upande mmoja.

Yako mambo ambayo hakuna bima itakayoyafidia. Kutu, uchakavu, kupasuka kwa raba kwa sababu ya umri, kuharibika kwa injini bila ajali, na kazi mbovu ya fundi ni mzigo wa mwenye gari. Moto hufidiwa, ila chanzo chake huchunguzwa. Petroli ya siku hizi mara nyingi huchanganywa na ethanoli, ambayo hudhoofisha mipira na mabomba ya raba ya magari yaliyoundwa kabla mchanganyiko huo haujazoeleka. Mafuta yakivuja juu ya injini yenye moto, gari huungua kwa dakika chache. Kubadilisha mabomba hayo kwa yale yanayostahimili ethanoli, na kutunza stakabadhi, humlinda mtu mara mbili: hupunguza hatari yenyewe, na huonyesha kwamba hakuwa mzembe.

Gari lililo katika matengenezo ya muda mrefu huhitaji bima ya namna nyingine. Lisilotembea barabarani halina haja ya bima kubwa kamili, na kampuni kadhaa hutoa bima ya gari lililohifadhiwa, inayofidia moto, wizi na uharibifu likiwa bandani. Thamani yake hupanda kila hatua ya kazi inapokamilika, hivyo mkataba uwe unaruhusu kuongeza thamani katikati ya mwaka. Vipuri vilivyofunguliwa na kupelekwa kwa fundi wa rangi au wa injini, mahali pengine kabisa, huwa havimo kwenye bima ya gari isipokuwa vimetajwa. Milango, viti na sanduku la gia vikiwa katika gereji tatu tofauti, ni rahisi sana nusu ya gari kutokuwa na bima yoyote.

Wajibu wa kusema ukweli wote ni wa zamani katika bima. Lord Mansfield aliufafanua katika hukumu ya Carter dhidi ya Boehm huko Uingereza mwaka 1766, kwa hoja kwamba mkata bima ndiye anayejua hali ya kitu, na mwenzake humwamini. Kwa gari la kale wajibu huo hugusa hasa mabadiliko: breki za diski zilizowekwa badala ya za ngoma, kabureta tofauti, mikanda ya usalama iliyoongezwa, injini ya umeme iliyochukua nafasi ya ile ya petroli. Baadhi ya mabadiliko hayo hulifanya gari kuwa salama zaidi na hayaongezi ada hata kidogo. Yakifichwa, hata lile lisilo na madhara linaweza kuwa sababu ya kukataa madai.

Thamani ya makubaliano nayo huzeeka. Mikataba mingi huhitaji ithibitishwe upya baada ya mwaka mmoja au michache, na mingine hurudi kwenye thamani ya soko kimyakimya mwenye gari asipoleta makadirio mapya wakati wa kuhuisha. Soko nalo hupanda na kushuka, na anayekubali kiasi cha miaka mingi iliyopita huenda amejirudisha kwenye bima pungufu bila kujua.

Limebaki suala la mabaki, ambalo mara nyingi hukumbukwa likiwa limechelewa. Gari la kale likitangazwa hasara kamili, bado ndani yake mna vitu visivyopatikana tena: bamba la chesisi, vioo, nembo, sanduku la gia, na utambulisho wa gari lenyewe. Mkataba unaweza kumpa mwenyewe haki ya kubaki nayo bure, au kuyanunua kwa asilimia fulani ya fidia, au usimpe haki yoyote. Namna hasara inavyoandikishwa pia huamua kama gari litaruhusiwa kutembea tena. Uingereza, tangu Oktoba 2017, huyapanga magari ya namna hiyo katika madaraja A, B, S na N, na yaliyowekwa katika A au B hayarudi barabarani hata yakitengenezwa vizuri namna gani. Anayetaka kulijenga upya gari lake ahakikishe anajua daraja linalopendekezwa kabla hajasaini hati ya kupokea fidia, kwa sababu pasipo makubaliano mengine, kampuni ikishalipa fidia yote mabaki huwa mali yake.